Mtoto ajipime mwenyewe kusoma na kuandika: karatasi ya tiki, simu, kubadilishana daftari au faili la insha?

Kila Januari huku Kigoma wazazi wanauliza kitu kilekile, mtoto kachaguliwa fomu wani, darasa la saba kafaulu vizuri tu, sasa mbona ukimpa ukurasa mmoja wa kitabu cha bailojia anasoma kama redio halafu ukimuuliza umesoma nini anakutolea macho. Walimu nao wana lao, una mikondo miwili mitatu, madaftari yamejaa meza nzima, hutaweza kumkalisha kila mtoto ukamwambia wewe shida yako iko hapa. Ndo maana wengi siku hizi wanataka mtoto ajipime mwenyewe, ajue anasoma kwa kiwango gani na anaandika kwa kiwango gani, wa kidato cha kwanza na cha pili hasa, kabla mtihani wa taifa wa kidato cha pili haujamwambia kwa ukali.

Njia zipo nyingi na kila mtu anasifia ya kwake. Mimi nafundisha tuisheni pale Mwanga, Kiswahili na Kiingereza, naziona karibu zote zikitumika, kwa hiyo nazilinganisha hapa na nitasema wazi ipi naipa kura na ipi naona ni kupoteza karatasi. Kipimo changu ni kimoja tu: mtoto akimaliza kujipima, ana kitu anachoweza kukionyesha kwa kidole, mstari huu, neno hili, sekunde hii kwenye rekodi, au ana hisia tu ya "niko vizuri"? Kama ni hisia tu, hiyo njia kwangu haifai hata iwe imechapwa kwa rangi.

Karatasi ya tiki

Hii ndo inapendwa kuliko zote kwa sababu ni rahisi kuandaa. Unachapa sentensi kumi, "ninaelewa ninachosoma", "ninaandika aya zenye mpangilio", "ninatumia alama za uandishi vizuri", pembeni kuna daima, mara nyingi, mara chache, mtoto anatiki, mwalimu anakusanya. Fotokopi ni mia mia kwa karatasi, dakika tano imeisha.

Tatizo ni kwamba yule mwenye shida kubwa ndo anatiki "daima" kuanzia juu mpaka chini, na wala hadanganyi, ndivyo anavyoamini. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani, Justin Kruger na David Dunning, waliwapa wanafunzi wa chuo mtihani wa sarufi ya Kiingereza halafu wakawaambia wakadirie wamefanyaje wakilinganishwa na wenzao. Robo ya mwisho kabisa walikuwa wanawazidi wenzao 10 tu katika kila 100, lakini wao walijiona wanawazidi 67. Yani aliye mkiani anajiona yuko juu ya katikati, kwa sababu ujuzi wa kuandika sentensi sahihi ndo huohuo unaohitajika kugundua sentensi imekosewa, ukikosa wa kwanza umekosa na wa pili.

Wapo wanaosema sasa basi mtoto asiachiwe kujipima kabisa, na hapo mimi sikubali. Paul Black na Dylan Wiliam, hawa ni wa London, mwaka 1998 walipitia tafiti nyingi za upimaji darasani na walichosema ni kwamba wanafunzi kwa ujumla ni wakweli wakijipima, kinachowakwamisha ni kutokuwa na picha ya wazi ya wanachotakiwa kufikia. Ukiziweka hizo mbili pamoja unaona kosa liko kwenye karatasi yenyewe. "Ninaandika aya zenye mpangilio" haimwambii mtoto wa kidato cha kwanza chochote, mpangilio ni nini?

Kwa hiyo kama lazima utumie tiki, badilisha sentensi ziwe kazi za kufanya. Badala ya hiyo ya mpangilio andika: weka namba kwenye kila aya, pembeni ya kila aya andika neno moja la jambo inalozungumzia, aya mbili zikiwa na neno moja ziunganishe, aya moja ikihitaji maneno matatu ikate. Hapo akitiki, kuna kitu kimebaki pembeni ya daftari mwalimu anaweza kukiona.

Ngoja nionyeshe kwa mfano, maana hapa ndo watu wengi wanapopita haraka. Mtoto ameandika hivi:

"Siku ya juma mosi mimi na dada yangu turienda kibirizi kununua dagaa tulipo fika tukakuta mitumbwi imesha ludi na watu ni wengi kwasababu usiku kulikuwa na giza dagaa zimetoka nyingi"

Habari yenyewe ni nzuri, anajua dagaa wanatoka usiku wa giza, ana macho. Lakini alitiki kwamba alama za uandishi ziko sawa na tahajia iko sawa. Ukimwambia tu "rudia kusoma" atasoma tena na ataona sawa tena. Mpe kazi tatu tofauti. Ya kwanza asome kwa sauti bila kupumua mpaka akutane na nukta, atakata pumzi kabla ya "giza", hapo mwenyewe anajua nukta hakuna. Ya pili achukue penseli apige duara kila r na kila l kwenye insha nzima, kwa sababu "turienda" na "imesha ludi" sikio haliwezi kuzikamata, kama nyumbani na mtaani r na l zinabadilishana akisoma kwa sauti atazitamka zote vilevile na zitasikika sawa kabisa, hiyo ni kazi ya macho na kamusi. Ya tatu aangalie maneno aliyoyakata na aliyoyaunganisha, "tulipo fika", "imesha ludi", "juma mosi" zimekatwa bila sababu, "kwasababu" imeunganishwa wakati ni maneno mawili, na hii tuwasamehe kidogo maana hata matangazo ya ukutani yanaandika hivyohivyo. Kibirizi kwa herufi kubwa ataiona njiani.

Kazi tatu, kila moja inaacha alama kwenye karatasi. Kila mtoto awe na orodha yake fupi inayotokana na makosa YAKE, asipewe ya darasa zima, asiye na shida ya r na l asipoteze jioni yake kupiga maduara.

Simu ya kurekodi

Hii kwa kusoma kwa sauti naipa namba moja na sioni mpinzani wake. Mtoto anarekodi dakika moja akisoma kwa sauti, halafu anajisikiliza kitabu kikiwa mbele yake na penseli mkononi, anaweka alama alipokwama, aliporudia, aliporuka neno, alipobuni neno ambalo halipo. Wakati unasoma akili iko kwenye kusoma huwezi kujisikia, ukija kusikiliza baadaye unasikia kila kitu, na watoto mara ya kwanza wanacheka sana sauti zao, waache wacheke wakimaliza watafanya kazi.

Haihitaji bando wala smatifoni, vitochi vingi vina sehemu ya kurekodi sauti. Kikwazo ni kwamba simu kwa mwanafunzi shuleni hairuhusiwi, kwa hiyo hii ni ya nyumbani kwa simu ya mama au ya kaka, au mwalimu atoe yake na hapo kwa darasa kubwa haiendi, labda awachukue wachache wachache.

Mtego mmoja: kurekodi kunapima ulimi, hakupimi kuelewa. Wale wanaosoma kama redio watajipa mia kwa mia. Kwa hiyo rekodi isiishie hapo, akimaliza dakika yake afunge kitabu aseme kwenye rekodi ileile mambo matatu aliyoyasoma, kama kitabu ni cha Kiingereza aseme kwa Kiswahili, asiseme kwa Kiingereza, maana kwa Kiingereza atarudisha maneno ya kitabu vilevile alivyoyakariri na hutajua kitu. Halafu afungue kitabu ahakiki. Hapo ndo unapokuta mtoto aliyesoma ukurasa wa usanisinuru bila kukwama hata mara moja anasema "inahusu mimea" basi, kimya. Naye anajisikia kwenye rekodi akinyamaza, huna haja ya kumwambia.

Kuna wazazi wanatafuta mtandaoni yale majedwali ya Marekani ya maneno kwa dakika wanaanza kumhesabia mtoto. Kwa Kiingereza sawa unaweza kupata picha, lakini usilete yale majedwali kwenye Kiswahili, maneno yetu ni marefu, kitenzi kimoja kina mtendaji na wakati na mtendwa humohumo ndani, hesabu haziendani. Mlinganishe na rekodi yake ya mwezi uliopita, usizifute.

Kujaza mapengo

Huyu mpinzani wa simu kwa upande wa kuelewa. Ilianzishwa na Mmarekani anaitwa Wilson Taylor mwaka 1953, unachukua kifungu, unaacha sentensi ya kwanza ilivyo, halafu unafuta kila neno la tano, msomaji anajaza. Akijaza mengi vizuri kifungu kinamtosha, akijaza machache kinamzidi. Mwalimu anaandika ubaoni, darasa la watoto themanini wanajipima kwa mara moja na kila mmoja anasahihisha kwa kuangalia kitabu. Haina gharama.

Kwa Kiswahili mimi nafuta kila neno la saba, la tano linakuwa gumu mno kwa sababu ileile ya vitenzi vyetu, ukifuta "walipomwona" umefuta nusu ya habari.

Raha ya hii ni makosa yenyewe. Nimewahi kuweka kifungu cha jografia, "Ziwa Tanganyika ni la pili duniani kwa ___, linafika kama mita 1,470", wengine wakaandika "kina", wengine "urefu", wengine "ukubwa". Aliyeandika "urefu" kajua ni kipimo lakini hakusoma mbele kwenye mita, maana urefu wa ziwa ni kilomita mia sita na kitu huwezi kuusema kwa mita elfu moja. Yeye mwenyewe akipewa dakika anaeleza kwa nini amekosa, na hiyo naihesabu ni kujipima kuliko kuhesabu alama. Aliyeandika "ukubwa" mwambie asome tena sentensi yote mpaka mwisho, basi.

Kwa kuchagua kitabu cha Kiingereza cha kusoma nyumbani kuna ile ya vidole vitano, fungua ukurasa wowote katikati, soma, kila neno usilolijua kunja kidole, ngumi ikijaa kabla ukurasa haujaisha tafuta kingine. Ni ya haraka na kazi yake ni hiyo tu, kuchagua kitabu. Usiitumie kumwambia mtoto kiwango chake.

Kubadilishana daftari

Jirani anasoma insha yako, wewe unasoma yake, mnasahihishana. Walimu wanaipenda kwa sababu inapunguza mzigo na kweli watoto wanaona makosa ya mwenzao haraka kuliko ya kwao. Lakini Kruger na Dunning walijaribu na hili, waliwarudishia baadhi ya wale wanafunzi karatasi za wenzao wazisahihishe halafu wakawauliza upya, haya sasa unajionaje. Waliofanya vizuri walirekebisha makadirio yao wakasogea kwenye ukweli. Wa mkiani walibaki palepale. Kilichowasaidia wa mkiani, kwenye jaribio lingine la mantiki, ni kufundishwa kwanza, wakishajua kidogo ndo wakaona walivyokuwa hawajui.

Tafsiri yake kwa mwalimu wa huku: ukibadilishanisha madaftari bila kufundisha kitu kwanza, wanaofaidika ni wale ambao tayari wako vizuri. Kwa hiyo fundisha jambo moja, tuseme nukta na herufi kubwa, kesho yake wabadilishane wakitafuta hilo moja tu. Halafu msomaji asitoe alama, hana kazi ya kutoa alama, aandike pembeni kwa penseli "hapa sijaelewa" au "nani alienda?" kama msomaji wa kawaida. Ukiwaachia watoe alama wasichana wawili marafiki watapeana 18 kwa 20 na wavulana wawili waliogombana mpirani watapeana 4. Kuna na ile ya kumcheka mwenzako darasa zima, mtoto akichekwa insha yake mara moja atakuwa anaandika mistari mitano mwaka mzima asipate kosa. Hii kwa mzazi nyumbani haimhusu sana, labda kama kuna ndugu wa umri mmoja.

Faili la insha

Kwa kuandika, hii ndo kura yangu, ila ni ya watu wenye subira. Januari mtoto anaandika insha ya ukurasa mmoja, tarehe juu, unaiweka. Juni anaandika mada ILEILE bila kuangalia ya zamani. Mwisho wa mwaka tena. Halafu anazilaza mezani zote na anaandika maneno yake mwenyewe, nini kimebadilika, nini bado, aoneshe na mstari. Mtoto ambaye karatasi ya tiki ilimfanya ajione bingwa anaona mwenyewe Januari alikuwa na "turienda" nne, Juni imebaki moja, lakini insha yake bado haina mwisho inakatika tu kama alivyoiacha. Na aliyekuwa anajidharau, huyu mara nyingi ni binti mkimya wa nyuma, anaona kitu ambacho hata ungemsifia asingekuamini.

Mada iwe ya maisha yake, safari ya Ujiji, siku ya mvua, jinsi mama anavyokamua mawese. Ukimpa "umuhimu wa teknolojia" atakariri.

Shida zake ni za kawaida. Karatasi zinapotea, daftari la fomu wani likijaa linaishia kufungia karanga, mvua, mchwa. Kwa hiyo faili likae shuleni kabatini au kama ni nyumbani basi nawe mzazi ulilinde kama cheti. Na haimsaidii mtoto mwenye mtihani wiki ijayo, huyo arudi kwenye orodha yake fupi ya makosa.

Jedwali la vigezo na alama

Nitalipita haraka. Wapo wanaompa mtoto makingi skimu, yani mwongozo wa majibu na alama, ajisahihishe, au lile jedwali la sifa sita za uandishi lililotengenezwa Portland, Oregon miaka ya 1980, mawazo, mpangilio, sauti ya mwandishi, uteuzi wa maneno, mtiririko wa sentensi na kanuni za uandishi. Ni zuri, limefikiriwa, ila sita kwa mpigo kwa mtoto wa miaka 14 ni nyingi, chukua mbili kwa muhula. Kingine, kujipa herufi hakusaidii kitu, kwenye madaraja ya NECTA, Baraza la Mitihani, C inaanzia 45 inafika 64, mtoto akijiandikia C anaweza kuwa amebakiza moja aangukie D au amebakiza moja apate B, na hakuna kati ya hizo inayomwambia kesho arekebishe nini.

Sasa wewe uchague ipi

Mzazi mwenye mtoto mmoja au wawili na kitochi cha kawaida: rekodi kila wiki pamoja na kusimulia, na faili la insha. Tiki achana nazo.

Mwalimu wa darasa kubwa la shule ya kata: mapengo ubaoni kwa kusoma, na kwa kuandika orodha fupi ya makosa ya kila mtoto iandikwe nyuma ya daftari lake, kubadilishana ije baada ya kufundisha jambo moja. Rekodi waachie wale watano sita unaowaona wanakwama kabisa. Rafiki yangu anayefundisha Urambo kule Tabora yeye kageuza, anaanza na kubadilishana kwa sababu anasema darasa lake linaongea sana na linafurahi, sawa, ila naye anafundisha kwanza.

Mtoto anayejisomea bila mtu wa kumsimamia, na wapo wengi tu, bibi hajui kusoma, wazazi wako ziwani au shambani: vidole vitano kuchagua kitabu, kufunga kitabu na kusimulia kwa mdogo wake mambo matatu, na insha zake kwenye mfuko usioingiza maji, ndani chini ya paa mahali ambapo hapavuji. Mdogo mtu akiuliza "halafu?" na mkubwa hana jibu, arudi kwenye ukurasa.

Swali la mwisho ambalo naulizwa sana, aanze kujipima kwa Kiswahili au kwa Kiingereza? Anza na Kiswahili wiki za mwanzo, hata kama karibu masomo yote sasa ni Kiingereza. Mtoto akijifunza kujisikiliza na kupiga maduara kwenye lugha anayoielewa, ile kazi ya kujipima inakuwa imeshamkaa mkononi, ukihamia Kiingereza anapambana na kitu kimoja badala ya viwili. Na akikwama kusimulia kwa Kiswahili kifungu cha Kiswahili, basi shida haijawahi kuwa Kiingereza.